Umeme rahisi ni wa mwenye ua, sisi wa ghorofani tupo wapi?

Siku hizi kila Waswahili wa hapa Uingereza wanapokutana, iwe harusini, msibani au nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye jambo moja. Zamani tulikuwa tukizungumzia makaratasi ya uhamiaji na bei ya tiketi ya kwenda nyumbani. Leo watu wanaulizana: gari lako linakwenda maili ngapi kwa chaji moja? Unachajia wapi? Na hizo sola juu ya paa, zimekurudishia pesa yako au bado?

Kuhusu mambo haya sisi si wataalamu wa umeme wala si wauzaji. Tunaandika kama watu tunaovitumia vitu hivi. Katika sisi tunaoandaa ukurasa huu, mmoja ana gari la umeme la mtumba, mwengine amepeleka vyakula kwa baskeli ya umeme kwa muda wa miaka miwili, na wa tatu ana paneli kumi za umeme wa jua juu ya paa la nyumba yake. Wiki iliyopita tulikaa pamoja tukatoa bili zetu mezani na kufanya hesabu. Tulidhani tutaandika makala ya kuwashauri watu wanunue au wasinunue. Hesabu zilipokwisha tukaona kuwa suala lenyewe ni jengine kabisa: umeme huu mpya una bei mbili, moja ya mwenye nyumba yenye ua na nyengine ya aliyepanga ghorofani. Na wengi wetu, kama inavyojulikana, ni watu wa ghorofani.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mwezi wa Novemba 2020 serikali ya Boris Johnson ilitangaza kuwa magari mapya ya petroli na dizeli yatakoma kuuzwa ifikapo mwaka 2030. Septemba 2023 Rishi Sunak akasogeza mbele tarehe hiyo hadi 2035. Chama cha Labour kilipoingia madarakani Julai 2024 kikairudisha 2030, huku magari yanayochanganya petroli na umeme yakipewa nafasi hadi 2035. Ukiacha kelele hizo za wanasiasa, kuna sheria iliyokwishaanza kazi. Tangu Januari 2024 kila mtengenezaji wa magari anawekewa sehemu ya magari mapya ambayo lazima yasitoe moshi: asilimia 22 mwaka 2024, asilimia 28 mwaka 2025, asilimia 33 mwaka 2026, na kuendelea hadi asilimia 80 mwaka 2030. Kwa maana hiyo safari imekwishaanza. Kilichobaki ni kuuliza nani analipa nauli kamili na nani anapanda kwa nusu.

Tuanze na gari. Mwenzetu anakaa kwenye nyumba yenye kiuwanja kidogo cha mbele kinachotosha gari moja. Amefunga kisanduku cha kuchajia ukutani, na kampuni ya umeme inamuuzia umeme wa usiku kwa pensi 8 kwa uniti, wakati bei ya kawaida ya mchana mwishoni mwa 2025 ilikuwa kama pensi 26. Gari lake linakwenda wastani wa maili tatu na nusu kwa uniti moja. Maana yake maili moja inamgharimu pensi mbili na kidogo. Hakuna gari la petroli duniani linaloweza kushindana na bei hiyo. Na raha nyengine zipo: halina kelele, halina mafuta ya injini ya kubadilisha, na breki zinadumu kwa sababu gari linapopunguza mwendo mota yenyewe ndiyo inayolizuia na kurudisha umeme kwenye betri.

Hatutaki kuficha na shida zake. Gari ni la mwaka 2016, na lilipokuwa jipya likikwenda zaidi ya maili 100 kwa chaji moja. Leo, betri ikiwa imechoka, majira ya joto linakwenda maili 75, na mwezi wa Januari, hita ikiwashwa, hazizidi 55. Kwa kwenda kazini na kupeleka watoto skuli linatosha na kubaki. Lakini siku ya msiba wa ghafla mji wa mbali, mwenzetu huyu huazima gari la petroli la shemeji yake. Anayetaka kununua mtumba asitazame rangi na maili tu, aombe apimiwe hali ya betri kabla ya kutoa pesa. Watengenezaji wengi huweka dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000, kwa hiyo gari lililopindukia hapo ni juu ya mnunuzi mwenyewe.

Sasa tumchukue ndugu anayekaa ghorofa ya tatu na anaendesha teksi. Huyu hana ua wala pa kufunga kisanduku. Hawezi kuteremsha waya dirishani, na hata kama angeweza, gari analiegesha mtaa wa pili. Anachajia kwenye mashine za haraka za barabarani, ambazo bei yake mara nyingi huwa kati ya pensi 70 na 80 kwa uniti. Tuchukulie 75. Kwa gari lile lile, maili moja inamgharimu pensi 21.

Dereva wa teksi anayefanya kazi kwa bidii anaweza kufikisha maili 30,000 kwa mwaka. Kwa umeme wa usiku wa nyumbani zitamgharimu kama pauni 690. Kwa umeme wa mashine za barabarani, pauni 6,400. Na akitumia gari la mchanganyiko linalokwenda maili 55 kwa galoni, tukichukulia lita moja ya petroli ni pauni 1.40, atatumia kama pauni 3,500. Umeona, msomaji? Gari la umeme ni rahisi kuliko yote, na ni ghali kuliko yote, inategemea unalala wapi. Na hapo hatujahesabu dakika arobaini za kukaa kwenye mashine, ambazo kwa dereva ni abiria wawili waliopotea.

Mtu anaweza kusema, basi na abaki na petroli yake. Kwa London jambo hilo si hiari tena. Tangu tarehe 1 Januari 2023 gari lolote linaloombewa leseni ya teksi za kukodi kwa mara ya kwanza katika jiji hilo lazima liwe la umeme au lenye uwezo wa kwenda kwa umeme bila kutoa moshi. Sheria imemlazimisha dereva abadilishe gari, lakini haikumuuliza atalichajia wapi.

Tena kuna suala la kodi. Umeme wa nyumbani unatozwa VAT ya asilimia 5, ilhali ule wa mashine za umma umekuwa ukitozwa asilimia 20. Umeme ni ule ule, unatoka kwenye waya ule ule. Wanaotetea watasema kuwa kodi peke yake haiielezi tofauti yote ya bei, kwani mashine za haraka ni ghali kuzifunga na lazima zilipe kodi ya ardhi na gharama ya kuunganishwa. Ni kweli. Tukiipunguza VAT hadi asilimia 5, pensi 75 zitashuka hadi 66 hivi tu. Lakini haki ina ishara zake, na ishara hii inamwambia mtu wa ghorofani kuwa yeye ananunua anasa na jirani yake mwenye ua ananunua mahitaji ya nyumbani.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Tazameni ruzuku zilivyokwenda. Ruzuku ya kwanza ya magari ya umeme ilianza mwaka 2011 ikafungwa Juni 2022. Ilipofunguliwa nyengine Julai 2025, ya hadi pauni 3,750, ikawa ni ya magari mapya yasiyozidi bei ya pauni 37,000. Sisi tunaonunua mtumba hatumo. Kodi ya barabara ilikuwa sifuri kwa magari ya umeme hadi Aprili 2025, na kuanzia hapo wengi wakaanza kulipa pauni 195 kwa mwaka kama wenzao wa petroli. Msamaha wa ada ya kuingia katikati ya London ulikwisha tarehe 25 Disemba 2025, na kuanzia tarehe 2 Januari 2026 ada yenyewe ikapanda kutoka pauni 15 hadi 18 kwa siku. Gari la umeme lililojiandikisha kulipa kwa njia ya otomatiki linapunguziwa robo, yaani linalipa pauni 13.50. Aliyenunua gari mwaka 2018 alikula miaka saba ya msamaha. Aliyejikusanya akanunua mtumba mwaka jana amefika sahani zinaoshwa.

Na bado. Katika bajeti ya Novemba 2025 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kuwa kuanzia Aprili 2028 magari ya umeme yatalipa pensi 3 kwa kila maili, na yale ya mchanganyiko yanayochajiwa kwa waya yatalipa pensi moja na nusu. Sababu yake inaeleweka, kwani kila gari la petroli linalotoweka linaondoka na ushuru wa mafuta, na barabara haziwezi kutengenezwa kwa dua. Hatusemi watu wasilipe. Tunachosema ni kuwa pensi hizo tatu zitamkuta mwenye ua akitumia pensi mbili kwa maili, na zitamkuta wa ghorofani akitumia pensi 21. Kwa dereva wetu wa maili 30,000 ni pauni 900 zaidi kwa mwaka. Hivi kweli watu hawa wawili wako sawa mbele ya kodi hiyo?

Tuje kwenye sola, maana hapo hadithi ni ile ile kwa sura nyengine. Mpango wa kwanza wa kuwalipa wenye paneli ulianza Aprili 2010. Mwenye nyumba aliyefunga paneli juu ya paa lake mwanzoni aliahidiwa pensi 41.3 kwa kila uniti atakayozalisha, hata akiitumia mwenyewe, kwa miaka 25, na malipo hayo yapande pamoja na gharama za maisha. Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye bili za umeme za watu wote, akiwemo mama aliyepanga chumba kimoja na kulipia umeme wa kadi. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 31 Machi 2019, lakini waliotangulia kisimani wanaendelea kunywa. Tangu Januari 2020 kilichopo ni malipo ya umeme unaoutoa nje tu, na kila kampuni inajipangia bei yake.

Mwenzetu mwenye paneli kumi alizifunga mwaka 2023, wakati VAT ya sola ilikwishaondolewa tangu Aprili 2022. Msamaha huo umewekewa mwisho wa Machi 2027, kwa hiyo mwenye nia asilale. Alilipa kama pauni 7,000 bila betri. Kwa mwaka anapata uniti 3,600 hivi. Lakini jua la Uingereza ni mgeni wa msimu: mwezi mmoja wa Juni humpa kama miezi mitano ya Disemba. Na mchana jua linapowaka nyumba haina mtu, watu wako kazini na watoto skuli. Mwaka jana alitumia uniti 1,400 tu mwenyewe, akaepuka kununua umeme wa pauni 360 hivi, na zilizobaki 2,200 akaziuza kwa pensi 15, akapata pauni 330. Jumla haifiki pauni 700. Pesa yake itarudi baada ya miaka kumi. Si biashara mbaya, lakini wala si utajiri unaohadithiwa na wapiga hodi wa milangoni.

Kuna siku moja ambayo hataisahau. Ilikuwa adhuhuri ya Julai, jua la utosi, umeme wa mtaa ukakatika. Akakaa kwa kujiamini akingojea paneli zake zifanye kazi. Nyumba ikabaki kimya, friji imezima, intaneti imezima. Alipompigia simu fundi akaambiwa hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: inveta za kawaida za hapa hujizima gridi inapozimika, ili umeme wa juu ya paa usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayezitengeneza. Anayetaka umeme wakati wa giza anahitaji mtambo wa aina nyengine, wenye betri na swichi ya kuitenga nyumba na gridi.

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu lina madhara nyumbani. Wazanzibari hawajasahau mwezi mzima wa giza wa mwaka 2008, wala miezi mitatu ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme kutoka bara ulipokatika na visima vya maji vikakosa pampu. Tangu hapo hakuna kontena linaloondoka hapa kwenda nyumbani bila ya mtu kutia paneli mbili tatu. Mmoja wetu naye alimpelekea mama yake inveta ya mtumba aliyoiona rahisi. Umeme ulipokatika nayo ikazima, kwa kuwa ilikuwa ya kutegemea gridi. Mama hakulalamika, alisema tu, "Mwanangu, kandili yangu haikuwa na masharti." Tukanunua nyengine. Rahisi ghali. Kabla ya kufunga kontena muulize muuzaji swali moja: mtambo huu unafanya kazi gridi ikizima? Akisitasita, uache. Paneli zenyewe hazina ubaya. Paneli nne kilowati zitatoa Unguja kama mara moja na nusu ya zinachotoa hapa, tena bila ya kungojea Juni.

Kwenye baskeli za umeme umasikini unaonekana wazi zaidi. Sheria ya hapa inaitambua baskeli ya umeme kuwa ni baskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, inakusaidia unapokanyaga, na inaacha kusaidia ikifika mwendo wa maili 15.5 kwa saa. Ikizidi hapo ni pikipiki, na inataka usajili, leseni, bima na helmeti. Baskeli iliyotimiza masharti haya, ya kampuni inayoaminika, inagharimu pauni 1,200 na kuendelea. Kijana aliyefika juzi, anayelipwa kwa kila chakula anachopeleka, hana pesa hizo. Ananunua mota na betri isiyo na jina mtandaoni, anafungiwa na rafiki yake kwenye baskeli ya kawaida, na kesho yuko barabarani. Keshokutwa polisi wamemsimamisha na baskeli imechukuliwa.

Hilo la polisi ni dogo. Kubwa ni moto. Betri za lithiamu zikiwa za hali duni, au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, seli moja hupata joto na kuiwasha ya pili, na moto wake hauzimiki kwa ndoo ya maji. Zimamoto wa London walikwenda kwenye moto zaidi ya 100 wa baskeli za umeme mwaka 2023 peke yake, na watu walipoteza maisha. Mwenzetu aliyekuwa akipeleka vyakula alikaa na vijana wengine wanne katika fleti moja, na usiku kulikuwa na betri sita zikichaji ukumbini, yaani kwenye njia pekee ya kutokea. Anasema mpaka leo akikumbuka huhisi baridi. Tunawaomba vijana wetu: usichaji mlangoni wala ukumbini, usichaji umelala, na usitumie chaja ya kuazima. Na mjue kuwa tangu tarehe 31 Machi 2025 baskeli za umeme zisizokunjika zimepigwa marufuku kwenye sehemu kubwa ya usafiri wa treni wa London kwa khofu hiyo hiyo.

Kinachotushangaza ni kuwa suala hili la pa kuchajia wenzetu wa nyumbani wameanza kulijibu kwa njia yao. Nairobi na Kigali bodaboda wa pikipiki za umeme wengi wao hawana ua wala soketi ya uhakika. Wanachofanya ni kufika kituoni, kutoa betri iliyokwisha, kutia iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Betri si yao, ni ya kampuni, na kampuni ndiyo inayoichaji na kuitunza. Kigali imefika mbali zaidi, kwani tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria za petroli hazisajiliwi tena. Mpango huo una matatizo yake, maana dereva anabaki amefungwa na kampuni moja na bei yake. Lakini angalau walianza kwa kumfikiria mtu asiye na ua.

Kwa mtazamo wetu, kuna mambo ambayo jumuiya zetu zinaweza kuyadai na mengine tunaweza kuyafanya wenyewe. Kaunsili kadhaa zimeruhusu mifereji midogo ya kupitisha waya chini ya njia ya miguu kutoka nyumbani hadi garini, na nyengine zimefunga soketi kwenye nguzo za taa. Ukitaka yako ifanye hivyo, iandikie, na ukiandika peke yako utajibiwa kwa barua, mkiandika watu hamsini mtajibiwa kwa mkutano. Misikiti, makanisa na kumbi zetu zenye maegesho zinakaa tupu usiku kucha. Kwa nini jumuiya isifunge mashine chache za polepole na kuwauzia madereva wake umeme kwa bei ya haki? Na wabunge wanaokuja kuomba kura zetu wakati wa uchaguzi waulizwe mapema kuhusu VAT na kuhusu zile pensi tatu za 2028.

Kwa anayefikiria kununua, ushauri wetu ni mfupi. Usiulize kwanza gari linakwenda maili ngapi. Uliza litalala wapi. Jibu la swali hilo, kama tulivyoona kwenye bili zetu wenyewe, lina thamani ya pauni elfu tano na mia saba kwa mwaka.